Ndimu Katika Shira: Seli Inavyozuia Protini Kujengana Bila Kibali

Aliyewahi kupika shira ya kaimati anaijua hofu yake. Sukari imeyeyuka, iliki imetiwa, sufuria inang'aa. Unageuka kidogo kuopoa kaimati mafutani, ukirudi unakuta shira imekuwa chengachenga, sukari imejirudia. Haikugeuka polepole. Ilikaa safi, ikakaa, halafu ghafla ikashikana yote. Mama yangu mkubwa, aliyeuza kaimati Magomeni kila Ramadhani mpaka mwili ulipokataa, alikuwa na kinga mbili: matone ya ndimu, na maji kidogo kabla shira haijawa nzito mno. Juu ya hizo aliweka katazo moja: asitumbukize mtu kijiko chenye punje ya sukari ndani ya sufuria yake.

Shira ile imenisaidia kuuelewa ugonjwa wa mpwa wangu kuliko picha yoyote niliyowahi kuonyeshwa.

Mpwa wangu ana miaka 11 na ana selimundu. Februari iliyopita, joto la Dar likiwa lile la nguo kukauka kabla hujamaliza kuzianika, alikatazwa kuweka chupa ya maji juu ya dawati. Alipoomba ruhusa ya kwenda chooni mara ya tatu kabla ya mapumziko, akaambiwa anatafuta visingizio. Usiku ule maumivu ya mifupa yakamshika, tukaamkia hospitali. Siwezi kuapa kwamba kiu ile ndiyo iliyoyaleta. Maumivu haya huja kwa sababu nyingi, na mara nyingine hayaonyeshi sababu kabisa. Lakini dada yangu alipokwenda shuleni kuzungumza, mwalimu, mtu muungwana anayempenda mtoto, alisema neno lililonikaa kichwani: "Mama, ninachojua mimi selimundu ni damu kuwa na umbo baya. Sasa maji na umbo vinahusianaje?"

Ni swali zuri, na kosa si lake. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Picha ya darasani inaonyesha chembe mbili, moja duara na nyingine imepinda kama mundu, na chini yake herufi za kurithi: AA, AS, SS. Mwanafunzi anatoka akijua ugonjwa una sura gani na unarithiwa vipi, lakini hajui unatokea saa ngapi. Na hilo la saa ngapi ndilo ugonjwa wenyewe. Selimundu ni protini kujijenga wakati seli haitaki ijengwe kitu. Tungeanzia hapo kuifundisha, na kuipangia fedha tukianzia hapo hapo, watoto wengi wa jiji hili wangeumia kidogo kuliko wanavyoumia leo.

Tumezoea kwamba jengo linahitaji fundi. Ukipita Kinyerezi huoni tofali likipanda ukutani lenyewe. Kwenye ulimwengu wa protini tofali hupanda. Mwaka 1955 Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams, huko California, walichukua protini na RNA (uzi unaobeba maelekezo ya kurithi) za kirusi cha batobato ya tumbaku, zikiwa zimekwisha kutenganishwa, wakazichanganya upya kwenye chombo. Protini zaidi ya 2,000 zinazofanana zikajipanga zenyewe kuizunguka kila RNA mpaka zikawa fimbo, na fimbo zile zikaweza kuambukiza majani ya tumbaku. Hapakuwa na seli wala msimamizi. Protini zilikuwa na nyuso zinazooana, na mtikisiko wa joto la kawaida ukawa unazigonganisha mpaka kila moja ikapata mahali pake.

Kwa hiyo kujenga si kazi kubwa kwa seli. Imejaa protini zenye nyuso za kushikana, zimebanana, zinagongana kila sekunde. Kazi kubwa ni kuzizuia mpaka wakati na mahali pawe sahihi.

Chukua damu kuganda. Ini hutengeneza fibrinojeni na kuimwaga kwenye mishipa, kiasi cha gramu 2 hadi 4 katika kila lita ya plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu. Protini hiyo yote ina uwezo wa kuungana kuwa wavu, na ikiungana ovyo mtu anakufa. Kinachoizuia ni vipande vidogo vya mwili wake yenyewe vilivyofunika sehemu za kushikia. Ukijikata ukimenya mhogo, kimeng'enya kiitwacho thrombini kinaamshwa palepale kwenye jeraha, kinavikata vipande hivyo, na wavu unajifuma pale panapovuja. Mkono wa pili hauna habari.

Aktini ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaonyesha ujanja wa ndani kabisa. Hii ni protini inayojipanga kuwa nyuzi na kuisukuma seli itembee. Chembe nyeupe ya damu inayomfukuza bakteria hukimbia kwa kujenga nyuzi hizi upande wa mbele. Seli ina aktini nyingi kupita kiasi kinachotosha kujijenga. Kwa hesabu ya kemia peke yake, karibu yote ingekuwa imekwisha kugeuka nyuzi. Haigeuki, kwanza kwa sababu protini nyingine, profilini na thimosini, zinazikumbatia molekuli za aktini moja moja zisianzishe uzi kiholela. Pili, mwanzo wenyewe ni mgumu. Aktini mbili zikishikana huachana upesi. Lazima ya tatu iwahi kabla hazijaachana. Ikiwahi, kuongeza ya nne na ya mia ni jambo rahisi. Seli imeukamata mwanzo huo. Ina mashine ya protini saba, Arp2/3, inayojifanya kuwa uzi uliokwisha kuanza, na mashine hiyo imelala mpaka ishara ifike pembezoni mwa seli. Haijisumbui kumlinda kila mbeba tofali. Inalinda jiwe la msingi.

Mikrotubuli, zile nyuzi nene zinazogawanya kromosomu seli inapojigawa, zinadhibitiwa kwa njia nyingine: zinaruhusiwa kujengwa, lakini kila tofali lina saa. Tubulini hubeba GTP, molekuli ya nishati inayoharibika muda mfupi baada ya tofali kukaa ukutani, na ncha ikikosa tofali jipya kwa wakati, uzi wote unaporomoka. Tim Mitchison na Marc Kirschner walilieleza hilo mwaka 1984. Ua lile dogo la waridi au jeupe linalopandwa kwenye nyua nyingi za Dar, ambalo asili yake ni Madagaska, ndilo linalotoa vinkristini, dawa inayozuia ujenzi wa mikrotubuli na kwa hiyo kuzuia seli za saratani zisigawanyike. Watoto wengi wenye saratani wametibiwa nayo. (Mmea huo ni sumu, asichemshe mtu majani yake nyumbani.)

Zipo pia protini ambazo kazi yake ni kukaa na protini changa mpaka itulie. Wanasayansi walizipa jina la mwanamke anayemsindikiza binti hadharani. Mimi nikizisoma namwona kungwi. Kungwi hukaa na mwari, humfunda, na siku mwari anapokuwa ametulia kwake, kungwi huchukua kanga zake akaondoka. Hahesabiwi kuwa mtu wa nyumba ile. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, nayo ina kungwi wake: protini iitwayo AHSP huushika mnyororo wa alfa, mmoja wa minyororo inayoiunda, ambao ukiachwa peke yake huidhuru chembe, mpaka ukutane na mnyororo wa beta. Protini inayoshindwa kabisa kukaa sawa hupachikwa alama iitwayo yubikwitini, kama nyumba iliyopigwa X nyekundu, ikapelekwa kuvunjwa. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuugundua utaratibu huo.

Sasa tazama chembe nyekundu iliyokomaa. Imetupa kiini chake, haina jeni ya kuita msaada, wala haiwezi kutengeneza protini mpya ya kuja kutuliza mambo. Ndani yake mna molekuli takriban milioni 270 za himoglobini, karibu theluthi ya uzito wake wote, zimebanana kama abiria wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Kufuli ziko wapi? Dhidi ya himoglobini kujijenga kuwa nyuzi hakuna, isipokuwa moja: nyuso za himoglobini ya kawaida hazivutani. Zinapishana bila kushikana. Udhibiti wote umewekwa kwenye uso wa protini, na uso huo ukibadilika hakuna ngome ya pili.

Ndicho kinachotokea katika selimundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa inatembea tofauti kwenye uwanja wa umeme, wakauita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha tofauti ni moja tu. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, yaani pingili zinazounda protini. Ya sita, ambayo ilipaswa kuwa asidi glutamiki, ni valini. Asidi glutamiki hupenda maji. Valini huyakimbia, hutafuta pa kujificha. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni hapana maficho, lakini ikiiachia, umbo lake linajikunja kidogo, na kwenye jirani yake kunafunguka kishimo kinachoitosha valini kabisa. Hapo zimeshikana. Nyuzi 14 zinajisokota kuwa kamba moja ngumu, kamba zinaongezeka, zinaisukuma ngozi ya chembe kutoka ndani, na mundu unaonekana.

Himoglobini hii haijaharibika kwa maana tuliyoizoea. Inabeba oksijeni na kuishusha. Imepata tu uwezo wa kujenga, ndani ya nyumba isiyo na mtu wa kuikataza.

Ila haijengi papo hapo, na hapa ndipo shira inaporudi. Mwaka 1974 James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton walichapisha vipimo vya himoglobini ya selimundu iliyoondolewa oksijeni. Kwanza hakuna kinachotokea. Myeyusho unakaa safi, unasubiri. Kisha nyuzi zinalipuka zote pamoja. Muda wa kusubiri unategemea msongamano wa himoglobini kwa ukali wa kushangaza: hubadilika takriban kwa kipeo cha 30 cha msongamano huo. Fanya hesabu. Punguza msongamano kwa asilimia 5 tu, muda wa kusubiri unarefuka zaidi ya mara 4. Uongeze kwa asilimia 10, muda unafupika mara 17. Sababu ni ile ile ya aktini, mwanzo mgumu: lazima molekuli kadhaa zikutane kwa pamoja kabla hazijaachana, na kila ukizisogeza karibu kidogo uwezekano wa kukutana huko unapaa. Baadaye ikaonekana kwamba uzi wa kwanza ukishaota, ubavu wake wenyewe unakuwa mahali pa kuanzishia nyuzi nyingine. Ni kile kijiko chenye punje ya sukari.

Kwa nini basi mgonjwa wa selimundu anaishi, anacheza rede, anafaulu mitihani, wakati kila chembe yake huachia oksijeni kila inapozunguka mwili? Kwa sababu anawahi. Damu hupita kwenye kapilari, mishipa midogo kabisa, kwa muda mfupi sana na kurudi mapafuni kuchukua oksijeni tena, na Eaton na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba chembe nyingi hurudi kabla muda wa kusubiri haujaisha. Maisha ya mtoto huyu ni mashindano ya sekunde, anayashinda mara nyingi kwa siku moja kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Maambukizi yakiipunguza kasi ya damu, baridi ikiibana mishipa, au chembe ikipoteza maji na himoglobini ikasongamana, anashindwa mara moja, na hiyo moja inatosha kumlaza.

Mwalimu, hivyo ndivyo maji yanavyohusiana na umbo. Sisemi maji ya kunywa yanatibu. Chembe za selimundu zina udhaifu wake wa kuvujisha potasiamu na maji kila zinapopinda, na glasi moja haizibi tundu hilo. Lakini mwili uliokaukiwa unaziongezea msongamano, na ongezeko dogo, kwa kipeo cha 30, halibaki dogo. Kuna jambo la pili ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Figo za watoto hawa huathirika mapema, zikapoteza uwezo wa kuubana mkojo. Maji yanapita tu. Mtoto anayeomba chooni mara ya tatu na mtoto anayeomba chupa ya maji ni mtoto mmoja, kwa sababu moja.

Na ndimu? Ndimu tulizaliwa nayo. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui, na chembe zao hazipindi kwa wingi kama za wakubwa. Alihisi wanalindwa na himoglobini ya tumboni, ile ambayo mtoto huitengeneza kabla hajazaliwa. Alikuwa sahihi. Himoglobini hiyo haina mnyororo wa beta. Ina gama, na haiwezi kuingia kwenye ile kamba. Inakaa katikati ya nyingine, inazipunguza zisitoshe, inavunja safu. Miezi inavyokwenda mwili unaacha kuitengeneza, na kuanzia karibu na mwezi wa sita mtoto anaanza kuvimba mikono na miguu, analia, mama hajui kwa nini.

Dawa iitwayo haidroksiurea huirudisha kiasi. Majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka 1995 yalionyesha inapunguza vipindi vya maumivu kwa watu wazima. Mwaka 2019 matokeo ya watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda yalionyesha inafaa katika mazingira yetu, penye malaria na yote. Inaongeza himoglobini ya tumboni, na pia inaifanya chembe kuwa kubwa zaidi, kwa hiyo msongamano unashuka. Ndimu na maji katika kidonge kimoja. Mama mkubwa angeielewa dawa hii kwa dakika moja.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni za selimundu, na Marekani ikafuata Desemba. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tangu hapo, kila tunapokutana kwenye vikundi vya wazazi, ndiyo habari inayoulizwa kwanza: itafika lini. Naielewa njaa hiyo. Lakini inafaa kujua tiba ile inafanya nini hasa. Haimsahihishi valini. Inazima swichi ya jeni iitwayo BCL11A ndani ya seli zinazozaa damu, na swichi ikizimwa, himoglobini ya tumboni inarudi. Ni ndimu ile ile. Inatiwa kwa kiasi kikubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi, naam, na kwa anayeipata inaweza kuyabadili maisha yake yote. Haidroksiurea haifikii hapo: hainyanyui himoglobini ya tumboni sawasawa katika kila chembe, inahitaji kunywewa kila siku, inahitaji vipimo vya damu. Anayesema si tiba kamili anasema kweli. Nisichokubali ni hatua inayofuata katika hoja hiyo, kwamba kwa kuwa si kamili basi nguvu zetu ziende kwenye kusubiri iliyo kamili. Kwenye ugonjwa ambao kurefusha muda kidogo ndiko kunakotenganisha kutembea salama na kulazwa, kinachorefusha muda kidogo ni kitu kikubwa.

Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Muhimbili imekuwa na mpango wa kuwafuatilia wagonjwa tangu mwaka 2004, na Profesa Julie Makani na wenzake wameufanya ujulikane duniani. Mwaka 2015 na 2016 watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa Muhimbili na Temeke: takriban 8 katika kila 1,000 walikuwa na selimundu, na karibu 13 katika kila 100 walikuwa wabebaji, yaani wenye zile herufi AS. Wingi huo una historia yake. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa utafiti wa Afrika Mashariki, kwamba mbebaji analindwa dhidi ya malaria kali. Kwa lugha ya shira, mbebaji ana himoglobini ya kawaida ya kutosha kuifanya ile nyingine isishikane kwa urahisi.

Tone la damu la kisiginoni wiki ya kwanza linamkuta mtoto bado ana ndimu yake. Kuna miezi mitano au sita ya kumwanzishia kliniki, penisilini, chanjo, na kumfundisha mama kupapasa bandama, kabla himoglobini ya tumboni haijaisha. Anayepimwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu, baada ya kuongezewa damu mara mbili, ameipoteza miezi ambayo mwili wenyewe ulikuwa ukimsaidia bure. Ningekuwa napanga mimi, kila chumba cha kujifungulia cha jiji hili kingepima, na haidroksiurea isingekosekana kwenye dirisha la dawa hata wiki moja. Ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Bado wako wazazi wanaozunguka na cheti chake kutoka duka hadi duka.

Kliniki ilimwandikia dada barua ya kupeleka shuleni, nusu ukurasa, imeeleza maji na choo. Chupa sasa iko juu ya dawati, na mwalimu yule amemhamishia mpwa wangu kiti cha karibu na mlango. Juzi alimpigia dada simu. Kuna mvulana wa darasa la tatu, alisema, macho yake yana manjano, naye huomba chooni kila kipindi. Amewaita wazazi na kuwaambia wampeleke akapimwe. Wamekwenda Jumanne. Majibu hayajatoka.